Wanane kwenye Fomu

3 Mei

Dada yangu,

Wamelala wote. Nina nusu saa hivi kabla Bonge hajaamka na kuwaamsha wenzake, kwa hiyo usinicheke mwandiko, naandika huku sikio liko chumbani.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka ofisi ya ustawi wa watoto, mpole, viatu safi, akakaa kwenye kiti chetu kile kibovu bila kukikagua. Anasema kuna mpango mpya. Walezi wanaokaa na watoto wadogo majumbani, kama mimi, watapewa vifaa vya afya na usalama: boksi la huduma ya kwanza, kizima moto, kengele ya moshi ya kubandika darini, kipimajoto, magodoro madogo yanayofutika kwa kitambaa, sabuni za dawa, na geti la kuzuia watoto wasiingie jikoni. Bure, dada. Nilimuuliza mara mbili, mara ya pili akacheka.

Shida ni moja. Mlezi aliye peke yake haruhusiwi kuzidisha watoto wanane. Wewe unajua ninao kumi na wawili, achilia mbali binti yako Kasuku. Wakizidi, hupewi hata plasta mpaka upunguze au uajiri mwenzako. Sasa nimtoe nani? Bonge? Mama yake, yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, alihangaika miezi mitatu na mtoto mgongoni, sindano inakwenda huku yeye analia. Wale mapacha? Nikiwaza nani nimwambie mzazi wake "kesho usimlete", nakosa hata pa kuanzia.

Fomu inarudi tarehe ishirini. Nishauri, wewe ndiye mwenye kichwa cha kufikiri kati yetu.

Kasuku hajambo, mdomo haujawahi kupata likizo. Amejifunza kuandika na ananing'ang'ania kalamu. Nimemwachia nafasi hapo chini.

Mdogo wako

MAMA MIMI NAJUA KUANDIKA BONGE. BONGE ANA MENO MAWILI. NJOO.


11 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya furushi la mashuka. Huku chumba cha kufulia cha hospitali hakina kiti, msimamizi anaona ukikaa utasinzia. Hayo meno mawili ya Bonge nimewatangazia wenzangu wote kana kwamba ni ya mjukuu wangu.

Sasa nisikilize. Andika wanane. Nani atakuja kuhesabu vichwa? Hao watu wana walezi mia tano wa kuzungukia, watakuja mara moja, watapiga picha kizima moto, basi. Siku wakija, wazazi wanne wabaki na watoto wao, au wapeleke kwa bibi zao. Humwibii mtu. Vifaa vyenyewe si vya kukulinda wewe, ni vya watoto, na watoto ni hao hao. Ukikosa, watakaoumia ni kumi na wawili, si wanane.

Usianze na ule woga wako wa tangu utotoni, wa kwenda kujisemea kwa mwalimu kabla hujaulizwa. Jaza, tia sahihi, peleka.

Mwambie Kasuku miezi kumi na minne ya mkataba imebaki. Hapana, usimwambie miezi, ataihesabu kila siku. Mwambie nakuja.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Vimekuja! Vijana wawili walishusha maboksi mpaka sebule ikajaa, watoto wakageuza boksi tupu kuwa nyumba, wakagombania kuwa mwenye nyumba. Kengele ya moshi imebandikwa darini sebuleni, inapepesa taa nyekundu. Kizima moto kiko kando ya mlango. Geti la jikoni ndiyo kiboko. Zamani nilikuwa napika nimebana miguu mlangoni kama kipa, sasa napika kama mtu mwenye heshima.

Ukaguzi wa kwanza umeshapita, na mama mkaguzi amesifu. Lakini mambo hayakwenda ulivyosema. Wazazi hawakuweza kubaki na watoto wao. Fundi cherehani alikuwa na nguo za harusi za watu, baba wa mapacha hapati ruhusa kazini, yule mwingine hata sikumkuta. Basi nikatumia akili yangu. Waliozidi niliwaweka stoo ya nyuma, na mkeka na midoli, nikawaambia ni mchezo wa kunyamaza, atakayeshinda atapata biskuti. Dakika ishirini. Hakuna aliyetoa hata chafya! Mkaguzi alikunywa chai yake, akahesabu wanane, akaandika wanane.

Basi, yameisha.

Mdogo wako

MAMA NIMESHINDA MCHEZO. STOO KUNA GIZA. MIMI NDIYE MKUBWA NIMEWASHIKA WOTE MIDOMO.


17 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwa vifaa, nimecheka kwa kipa wa jikoni. Halafu nikafika chini kabisa ya barua.

Kasuku alikuwa anafanya nini stoo? Waliozidi ni wanne, nimehesabu kwa vidole. Kasuku si wa kulelewa, ni wa nyumbani, angekaa sebuleni na mkaguzi amwone, kuna kosa gani? Na ile stoo naijua. Niliishi nyumba hiyo miaka sita. Haina dirisha, ina lile tundu la ukubwa wa tofali uliloliziba wewe mwenyewe kwa matambara ili panya wasiingie.

Sikugombezi. Mimi ndiye niliyesema andika wanane, sijasahau. Ila nijibu hilo la Kasuku.

Dada yako


26 Juni

Dada,

Usinikunjie uso kwa barua, nakuona mpaka huku.

Sikukuandikia kila kitu kwa sababu nilijua utakuza jambo. Fomu inasema watoto wanane "pamoja na wale wa mlezi anaoishi nao". Kwa hiyo na Kasuku anahesabiwa. Nikimwacha sebuleni wanakuwa tisa. Na ukweli ni kwamba bila yeye wale wanne hawanyamazi. Wanamsikia yeye kuliko mimi. Anawapanga mstari kama askari.

Stoo nimeiweka sawa. Mvua haikatiki na baridi mwaka huu ina meno, nepi hazikauki hata siku tatu. Nimehamishia huko kamba ya nguo na jiko la mkaa, sasa kuna joto zuri kuliko sebuleni. Wenyewe wanapenda kwenda kucheza. Na siku hizi wakiingia wanalala usingizi mzito, wananipumzisha.

Mkaguzi anarudi tarehe 6 Julai. Atanifundisha namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa na aliyekata pumzi. Nikishapata cheti hicho, jina langu linaingia kwenye orodha ya kudumu, na hapo naweza kuomba ruhusa ya kuajiri msaidizi na kuwaandika wote kumi na watatu kihalali. Unaona? Ni mara hii moja tu imebaki.

Mdogo wako

MAMA KICHWA KILIUMA STOO. BONGE ALITAPIKA. MAMA MDOGO ALISEMA NI MAZIWA. MAPACHA HAWAKUTAKA KUAMKA NIKAWAVUTA MIGUU.


4 Julai

Mdogo wangu,

Ukipata barua hii, kabla hujaimaliza, inuka uende ukatoe hilo jiko stoo.

Umeshatoa? Sasa soma.

Nilimsomea mstari wa Kasuku nesi wa wodi ya watoto, yule anayetuletea mashuka. Nilimsomea kama kichekesho, hayo ya kuvuta mapacha miguu. Hakucheka. Aliniuliza, "Hicho chumba kina mkaa?" Nikasema ndiyo. "Kina dirisha?" Nikasema hapana. Akaweka kapu chini. Akasema mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichoziba unatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na mtoto hakohoi, analala tu. Akasema kuumwa kichwa na kutapika ndiyo dalili zake, na usingizi huo unaousifia si usingizi. Na ile kengele ya moshi haitakusaidia kitu. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hata ungetoa, kengele iko sebuleni.

Nimekupigia, simu yako haipatikani. Bado ile iliyoangukia kwenye beseni la nepi? Nimempigia jirani yako muuza vitabu mara sita, inaita tu, inaita tu. Nimetuma barua hii kwa njia ya haraka, karani amesema siku mbili au tatu.

Na mkaguzi akija, mwambie. Mwambie wako kumi na watatu. Achukue vifaa vyake, abebe na hilo geti. Nilikushauri vibaya. Usimwingize mtoto yeyote stoo, sikwambii Kasuku tu, yeyote.

Dada yako


12 Julai

Dada,

Barua yako nimeipata. Jiko nimelitoa, usiwe na wasiwasi.

Mafunzo yalikwenda vizuri na cheti nimepewa. Mvua imepungua. Nimewapumzisha watoto kwa siku chache kwa sababu ya mafua, yanazunguka mtaa mzima. Kasuku hajambo. Anakusalimia. Amelala mchana huu, ndiyo maana hajaandika.

Simu bado haijapona.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko idadi ya maneno yake.

Haina mzaha hata mmoja. Wewe hujawahi kuniandikia ukurasa bila kumtaja Bonge, mara hii hayumo. Na Kasuku hajawahi kulala mchana tangu akiwa na miaka mitatu, unamjua, nami namjua.

Jana muuza vitabu alipokea simu. Alikuwa safarini wiki zote hizo, karudi juzi. Nikamuuliza, "Nyumba ya mdogo wangu vipi?" Nikasema, "Nakusikia unapumua, sema." Akasema, "Pamefungwa, dada. Hakuna sauti ya mtoto pale. Mimi nilidhani unajua."

Nijue nini?

Kama mwanangu amekufa niandikie amekufa. Nitalia nikiwa najua. Usiniache nikifua mashuka ya watoto wa watu huku nayatazama moja moja.

Dada yako


25 Julai

Dada,

Hajafa. Nianze na hilo. Kasuku yuko hai, anakula, anatembea. Nakuandikia hapa mezani akiwa mbele yangu anachora. Hajafa.

Ilikuwa tarehe 6. Barua yako ya haraka ilinifikia tarehe 8. Nilipoifungua na kusoma "inuka", nilikaa chini.

Asubuhi ile ilikuwa baridi, jiko lilikuwa limekolea. Mkaguzi aliwahi kufika. Niliwaingiza watano stoo, nikawaambia ni kama siku ile, dakika ishirini. Lakini mafunzo hayakuwa dakika ishirini. Alikuja na mdoli wa mpira, akaulaza mezani, tukaanza. Weka kichwa hivi. Bana pua. Pulizia mara mbili, tazama kifua. Bonyeza hapa, hesabu. Tena. "Usione haya," akasema, "bonyeza kwa nguvu, mtoto halisi atakushukuru." Saa nzima, dada, na robo. Mimi nimepiga magoti napuliza mdoli. Mara mbili nilitaka kusimama, mara mbili nikajiambia bado kidogo, anafunga mkoba sasa hivi.

Alipotoka nje ya uzio nikakimbia. Mlango nilikuwa nimeurudishia tu. Wote walikuwa chini. Kasuku alikuwa ameanguka mlangoni, uso chini, na daktari anasema hewa ya chini ya mlango ndiyo iliyomwokoa. Mapacha na yule mwingine walizinduka nje uani, wakitapika. Bonge alikuwa karibu na jiko. Hakuwa anapumua.

Nilimfanyia yale niliyofundishwa. Kichwa, pua, mara mbili, tazama kifua. Akapumua. Lakini hajarudi, dada. Yuko hospitali wiki ya tatu sasa. Macho yanafuata mwanga, ila ukimwita jina hageuki. Daktari anasema wasubiri, na hasemi wasubiri nini.

Hospitalini nilisema watoto wote walikuwa wamelala sebuleni na mimi nilikuwa uani, jiko nikalisahau ndani kwa sababu ya baridi. Fundi cherehani alinikumbatia. Alinikumbatia, akasema ni ajali, akasema bila mimi mwanawe angekuwa amekwisha. Ofisi ya mpango wanajua nyumba imefungwa kwa ugonjwa. Wazazi wengine wanajua hivyo hivyo.

Barua yako ya Mei, ile ya kuandika wanane, nimeichoma. Hakuna atakayejua uliwahi kusema. Nawe zichome zangu, na hii pia.

Nisamehe. Sijui naomba msamaha wa kipi, vimeshakuwa vingi.

Mdogo wako


31 Julai

Mdogo wangu,

Nimevunja mkataba. Msimamizi amenibwatukia nikiwa nakunja sare yangu, hata sikusikia alichosema. Basi linaondoka kesho kutwa, nitafika tarehe 6 jioni. Barua hii itatangulia.

Sitachoma kitu. Umechoma barua yangu, lakini maneno hayakuwa ya karatasi, yalikuwa yangu. Nani atakuja kuhesabu vichwa, nilisema mimi, nimekaa juu ya furushi, nimeshiba. Nilipojua Kasuku yumo stoo niliuliza habari za Kasuku. Wale wanne sikuwauliza. Nesi alipoweka kapu chini ndipo nikawakumbuka. Kwa hiyo usinifiche nyuma yako.

Hasira ninayo. Nikikuona sijui nitakupiga au nitakushika. Huenda vyote, jiandae.

Lakini mama yake Bonge hawezi kuendelea kukukumbatia. Akija kuyasikia kwa mtu mwingine, au kwa Kasuku, kwa sababu mtoto atasema, si leo, ila atasema, hapo utakuwa umemuua mara ya pili. Tutakwenda wote wawili, mimi na wewe, kwake kwanza, kisha kwa mkaguzi. Nisubiri. Usiende kokote peke yako, ulimi wako ukiogopa huwa unajikata vipande. Nisubiri nifike.

Mpe Kasuku nafasi aandike, hata mstari mmoja, umpe dereva yeyote.

Dada yako


6 Agosti

Dada,

Barua hii nimemwachia muuza vitabu akupe ukishuka. Sikukusubiri. Ulipoandika kwamba mtoto atasema, nilimtazama Kasuku anachora, nikaona siwezi kumwachia kazi hiyo.

Nilikwenda jana mchana. Fundi cherehani alikuwa ametoka hospitali kubadilisha nguo, na cherehani imefunikwa. Alinikaribisha. Nikamwambia huku nimesimama, maana kukaa kungenishinda. Nikamwambia wanane na kumi na watatu. Nikamwambia stoo, jiko, mdoli wa mpira. Nikamwambia Bonge alikuwa wapi na Kasuku alikuwa wapi.

Hakupiga kelele. Alifikiri kama anavyofikiri akiangalia kitambaa, halafu akauliza: "Huyo binti alifika mpaka mlangoni. Mbona hakutoka?"

Dada, na wewe nilikudanganya. Sikuurudishia. Nilifunga kwa komeo, kwa nje, kwa sababu mara ya kwanza mmoja wa mapacha alichungulia.

Nikamjibu hivyo. Na nikaona nikishasema hilo lazima niseme na lililobaki. Katikati ya mafunzo mlango wa stoo uligongwa. Si kwa nguvu. Mara tatu. Mkaguzi akainua kichwa akaniuliza, "Huko nyuma kuna nani?" Nikasema, "Paka." Tukaendelea kuhesabu.

Aliyegonga ni mwanao. Wewe ulipaswa kulijua hili kabla ya mtu yeyote, nami nimekuandikia la mwisho.

Fundi cherehani alikwenda mlangoni, akamwita mume wake aliyekuwa akiosha chupa za mtoto bombani. Akamwambia, "Njoo ukae." Akanigeukia. "Rudia. Ulivyoniambia mimi, mwambie na yeye. Na paka umwambie."

Nikarudia. Mume alibaki na chupa mkononi mpaka nilipomaliza.

Leo saa nane natakiwa niwe kwa mkaguzi, nirudie tena. Wao wawili wanakuja, na wamesema kutoka pale tutakwenda polisi. Nimechukua koti na dawa yangu ya kifua.

Ukifika usinitafute nyumbani. Kasuku yuko kwa muuza vitabu, ameshakula. Ukimkuta ameandika kitu, usikisome mbele yake.

Mdogo wako